Chungu cha Uji wa Damari

Sogeeni karibu, ila tuelewane kwanza. Nikisema "Nani?", nyinyi itikieni "Mimi!" Haya, tujaribu. Nani? Vizuri, hata yule anayejifanya amelala ameitika. Kuitika "Mimi" ni rahisi wakati mtu hajajua anaulizwa nini. Hadithi yenyewe ni mbaya, nawaambia mapema, na mimi mwenyewe siipendi. Asiyetaka kununa aondoke sasa, mlango uko wazi.

Palikuwa na mji wa milimani, mji wa baridi na ukungu, na katika mji huo palikuwa na kiwanda kidogo cha chapa. Siku hizo herufi zilikuwa vitu vya kushika mkononi. Kila herufi ilikuwa kijiti cha risasi chenye sura yake kichwani, nazo zilikaa ndani ya masanduku yenye vyumba vyumba. Unaziokota moja moja, unazipanga mstari, unazipaka wino, kisha mtambo unazikandamiza kwenye karatasi. Mwenye mtambo alikuwa Mzee Zefania, mgane, mtu wa dini na mtu wa amri. Nyumbani alikaa na dada yake Perisi, na binti yake wa pekee, Damari.

Zefania alikuwa na vijana watatu wa kazi.

Elieza alikuwa na mikono. Herufi za chapa husomwa kinyume, lakini yeye alizisoma kama wewe unavyosoma kibao cha duka. Alianza kupanga ukurasa chai ikiwa ya moto, akamaliza chai bado inafuka.

Yohasi alikuwa na moto. Alijua risasi imeiva kwa kuitazama rangi tu, akaimimina kwenye kalibu, na herufi mpya ikatoka na sura kali isiyo na tundu wala kovu. Watu walisema angeweza kuyeyusha hata moyo wa mkwe.

Naftali alikuwa na jicho. Ukimpa karatasi yenye wino mbichi, kosa lilijitokeza lenyewe likamsalimia. Hakuwahi kupitwa na kosa, na alipenda watu walijue hilo.

Wote watatu walimtaka Damari. Msiniulize Damari alimtaka nani. Hakuna aliyemuuliza, mimi nitajuaje?

Mwaka huo Damari aliugua mapafu mpaka sanda ikanunuliwa. Baba yake akapiga magoti kando ya kitanda, akaweka nadhiri. Kitabu cha sala cha kanisa lao kilikuwa kimeandika kila "wewe" na kila "yeye" wa Mungu kwa herufi ndogo, na jambo hilo lilimchoma Zefania miaka mingi. Akasema, Mungu ukimponya mtoto huyu, nitakuchapia kitabu kipya, na ndani yake kila neno linalosimama mahali pa jina lako litakuwa na herufi kubwa, hata moja isiwe ndogo. Damari akapona.

Alipona, ila alibaki dhaifu, miguu kama ya ndama aliyezaliwa leo. Mganga wa zahanati akasema apewe uji wa ndimu, mkali, kila siku. Perisi akampikia kwenye chungu kidogo cha chuma cha miguu mitatu, alichoachiwa Damari na marehemu mama yake. Chungu hicho hakikupikiwa kitu kingine.

Damari aliposikia habari ya nadhiri alicheka, maana ulimi wake haukuwahi kuugua. "Baba," akamwambia, "uliponiombea uliomba kwa mdomo. Mdomoni hakuna herufi kubwa wala ndogo, na bado alikusikia."

"Mkuu wa wilaya akiandikiwa barua anawekewa herufi kubwa," Zefania akajibu. "Mungu aandikwe kama mchunga mbuzi?"

"Mchunga mbuzi naye ni wake," Damari akasema. Naftali, aliyekuwa amesimama pale na karatasi zake, akasema Mzee amenena kweli, heshima isiyoonekana si heshima. Zefania akamwambia binti yake anywe uji wake.

Kesho yake aliwakusanya vijana watatu mbele ya mtambo. Alitaka kitabu kiwe madhabahuni siku ya Pentekoste, na nadhiri, alisema, haina kesho. Kisha akatoa ahadi. Yule atakayekuwa na sehemu kubwa kuliko wenzake katika kukifanya kitabu hicho atamwoa Damari, na mtambo utakuwa wake. Aliyasema hayo mlango ukiwa wazi, Damari yuko uani anaanika nguo, akasikia jinsi alivyogawiwa kama mbuzi wa mnada.

Sasa sikilizeni miiko ya kiwanda, maana bila hiyo hamtaelewa kitu. Risasi ya herufi huua polepole, na watu wa chapa wanalijua hilo kuliko waganga. Kila mfanyakazi alinawa kwa majivu kabla ya kula, na kila asubuhi alipewa kikombe cha maziwa, kwa imani yao kwamba maziwa huifukuza risasi tumboni. Chungu kilichoyeyusha herufi kilitobolewa kitako siku kinapotoka kiwandani, asije mtu akakipikia. Na ukimwona mwenzako akicheka, ukaona kwenye ufizi wake mstari wa rangi ya wino, alama ya risasi mwilini, unamsimamisha kazi papo hapo, hata kama ni baba yako. Miiko hiyo wote watatu waliijua. Zefania ndiye aliyewafundisha.

Kazi ikaanza, na tatizo halikuchelewa. Herufi kubwa huwa chache katika kila kiwanda, kwa kuwa sentensi nzima huhitaji moja tu pale mwanzoni. Lakini sala ni kumwita Mungu mstari baada ya mstari: Wewe uliyeumba, Wewe unayesamehe, mapenzi Yako, watoto Wako. Elieza hakuwa amemaliza kurasa za kwanza, vyumba vya herufi kubwa vikawa vitupu, akakaa mikono mapajani. Kuagiza pwani kungechukua miezi, na Pentekoste haimngoji mtu.

Yohasi akasema kuna sanduku la herufi chakavu stoo, atazisubu upya, yaani aziyeyushe na kuzimimina kwenye kalibu. Akasubu, na kazi ikaenda. Ila risasi ile kuukuu ilikuwa laini. Mtambo ukiikandamiza siku moja, sura inalala, na kesho yake lazima herufi ziyeyushwe na kusubiwa tena. Moto ukawa hauzimwi. Wakati huohuo Naftali alikuwa anarudisha karatasi. Hapa mmesahau, anasema, "kwake" hii ni ya Mungu. Na hii ni ya Mwana, naye ni Mungu. Elieza alinung'unika kwamba msomaji gani ataliona hilo, Naftali akajibu kwamba Mungu ataliona. Zefania alimpigapiga Naftali begani kwa furaha, na herufi za kusubu zikaongezeka.

Kisha chungu cha kiwanda kikapasuka kwa moto mwingi. Yohasi akaenda kwa Zefania kumweleza. Mzee hakuinua kichwa.

"Chombo tafuteni," akasema. "Msiniletee habari za chombo, nileteeni kitabu."

Ndugu zangu, balaa haliji na ngoma. Linakuja na maneno kama hayo, mtu anayasema akiwa na shughuli nyingine.

Elieza ndiye aliyekwenda jikoni. Vyungu vya udongo vingepasuka, sufuria zilikuwa nyembamba, chuma kizito kilikuwa kimoja tu. Alimwambia Damari anakiazima chungu chake mchana, akishakunywa uji, kuna nta ya kuyeyusha. Damari akamuuliza kama wanachapa kitabu au wanatengeneza mishumaa, wakacheka, akampa, kwa kuwa alimwamini. Elieza alikirudisha kabla ya jioni, amekisugua kwa majivu na mchanga mpaka Perisi akamsifu kwamba kijana huyu atakuwa mume wa maana. Kesho yake akakiazima tena, na keshokutwa. Hakusema uongo mwingine, ule mmoja ulitosha.

Yohasi ndiye aliyekipokea. Alikijua chungu kile vizuri, alikiona jikoni kila alipokwenda kunywa maji. Siku ya kwanza, kabla hakijarudishwa, alichukua msumari na nyundo, akakipindua, akatafuta mahali pa kutoboa kitakoni. Akatafakari. Nikitoboa, kesho sina chombo, na chungu cha marehemu kitahitaji maelezo. Akarudisha msumari mahali pake. Alijiambia kwamba Elieza anasugua vizuri.

Naftali ndiye aliyeona. Lakini hilo nitalisema kwa wakati wake, msinikimbize.

Damari akaanza kuumwa tumbo, maumivu ya kukunja mwili. Uso ukapauka. Kijiko kikaanza kumponyoka mkononi. Perisi alitaka aitwe mganga, lakini Zefania alikuwa na tafsiri yake: nadhiri imechelewa, na Mungu anadai chake. Aliwaambia vijana waongeze mwendo. Aliamuru uji upikwe mara mbili kwa siku, mkali zaidi, maana uji ndio uliomponya mara ya kwanza. Basi moto wa kiwandani ukazidi, na uji wa nyumbani ukazidi, na vyote viwili vikatoka kwenye chungu kimoja.

Siku moja Damari alisema kinywa chake kina ladha ya sarafu, anatamani maziwa. Maziwa ya nyumba ile yalikuwa ya ng'ombe mmoja tu, na yote yalikwenda kiwandani. Zefania akamwambia avumilie, maziwa ni ya wachapaji mpaka kitabu kiishe. "Nawe kunywa uji wako," akasema.

Sasa wakati wa Naftali umefika. Alikwenda nyumbani kumsomea Mzee karatasi, akapita dirishani kwa Damari, akamsalimu. Damari akamtania kwamba macho yake yatachoka, siku moja ataandika hata kikohozi cha Mungu kwa herufi kubwa, na akacheka kwa nguvu zote alizobakiza. Naftali akauona ufizi wake. Mstari ulikuwa pale, rangi ya wino, umepigwa sawasawa. Alijua kwamba akisema, chungu kitatafutwa na kupatikana, moto utazimwa, Pentekoste itapita, na tuzo itapita nayo. Zilibaki karatasi chache. Akamtakia heri, akaenda zake kusahihisha.

Kitabu kikaisha mkesha wa Pentekoste. Kilikuwa kizuri, siwezi kusema uongo. Zefania alikifungua, akapitisha kidole kila mstari, na kila Wewe ilisimama wima kama askari kwenye gwaride. Akakibeba mpaka barazani kwake, akawaita vijana watatu, Damari amelala ndani, dirisha likiwa wazi. Akauliza, "Nani aliyekifanya kitabu hiki?"

"Mimi," akasema Elieza. Alieleza kwamba kila neno lililomo limepita kwenye vidole vyake, na walipokwama kwa chombo, ni yeye aliyekipata.

"Mimi," akasema Yohasi. Alieleza kwamba bila moto wake kungekuwa na nadhiri bila herufi, na mikono isiyo na kitu cha kupanga ni mikono ya kuombea chakula tu.

"Mimi," akasema Naftali. Alieleza kwamba wenzake wangeacha makosa kila ukurasa na Mzee angekuwa amemdanganya Mungu. Nadhiri ilikuwa hata moja isiwe ndogo, na ni jicho lake lililoitimiza.

Walibishana mpaka sauti zikapanda. Kutoka dirishani Damari akasema, "Na mimi?" Hakuna aliyegeuka, ila Perisi aliyekuwa naye ndani alisikia.

Kesho yake, kanisa likiwa limejaa, watu wakaimba na kusali kutoka kitabu kipya. Damari alikata roho wakati huo, mkono wake ndani ya mkono wa shangazi yake, kabla watu hawajatoka ibadani.

Walimzika. Baada ya mazishi, Perisi alikwenda kukisafisha kile chungu akiweke kama kumbukumbu. Akakwangua ukoko kwa kisu, na kwenye kona, pale mguu unaposhikana na tumbo la chungu, kisu kikagusa kitu kigumu. Akakibandua. Kilikuwa kitone cha risasi kinachong'aa. Alitoka nacho uani mbele ya waombolezaji, akakiweka kwenye kiganja cha kaka yake, akakifunga kiganja kwa mikono yake miwili. Zefania alikijua kwa uzito wake kabla hajafungua mkono.

Akawatazama vijana wake. Akauliza, "Nani?"

"Si mimi," akasema Elieza. Yeye alibeba tu. Mbeba chungu si mpishi, na alikisugua mpaka mikono ikachubuka. "Ningefanya nini zaidi?" akalia. "Nami nilimpenda." Alilia kweli.

"Si mimi," akasema Yohasi. Yeye aliyeyusha katika alicholetewa. Angeletewa kofia angeyeyusha katika kofia. Aliyeazima ndiye aliyejua kinarudi wapi.

"Si mimi," akasema Naftali. Yeye hakukigusa chungu, hakukibeba, hakukipasha moto. Alitazama tu, na macho hayaui mtu.

Elieza akamgeukia. "Wewe usiyepitwa na kitu," akamuuliza, "ufizi wake hukuuona?"

Naftali akasema zilibaki karatasi chache.

Mnadhani waliondoka kwa aibu? Hamwajui watu. Arobaini ilipopita walirudi, kila mmoja kwa siku yake, kofia mkononi. Binti hayupo, Mungu amrehemu, lakini mtambo upo, na ahadi ni deni, Mzee. Kila mmoja alianza tena kueleza jinsi alivyokifanya kitabu kuliko wenzake.

Zefania aliwaita wote watatu pamoja na wazee wa kanisa. Akasema, "Ahadi yangu sijaifuta. Mtambo ni wa aliyekifanya kitabu kuliko wenzake. Lakini kilichokifanya kitabu ndicho kilichomuua mwanangu, ni kazi moja. Mwenye sehemu kubwa achukue vyote viwili. Ajitokeze aseme mimi, nitampa ufunguo wa kiwanda, na wazee watampeleka kwa mkuu wa wilaya akajibu mashtaka ya kifo hicho." Akaweka ufunguo mezani.

Hakuna aliyesogea. Vijana waliokuwa wakigombania ukubwa wa sehemu zao wakaanza kuzipunguza, kila mmoja akimpa mwenzake sifa kwa ukarimu wa ajabu.

Hapo Perisi akasimama. "Kaka," akasema, "nawe kaa kwenye mstari wao. Nani aliweka nadhiri? Nani aliweka siku? Nani alisema msiniletee habari za chombo? Mtoto aliomba maziwa."

"Nilimfanyia Mungu," Zefania akasema.

"Mungu alikuomba?"

Wazee wa kanisa wakatazama viatu vyao. Mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba hata hivyo kitabu ni kizuri, isingefaa kukitupa, na wenzake wakaitikia kwa vichwa. Ufunguo ukabaki mezani.

Kitabu bado kinatumika katika kanisa lile. Wageni wakija hukisifu, wanasema tazama heshima ya watu hawa, hakuna hata neno moja la Mungu lililoandikwa kwa herufi ndogo. Perisi husali kwa kichwa, bila kitabu. Chungu anacho. Alikitoboa kitako mwenyewe kwa nyundo, akiwa amechelewa.

Basi wazee wa kanisa ni nyinyi sasa, maana wale walishindwa. Mtambo lazima uende kwa mtu, na lawama ya kifo lazima imwendee huyohuyo. Elieza aliyedanganya kidogo akasugua sana? Yohasi aliyeshika msumari akaurudisha? Naftali ambaye hakugusa kitu, ila aliona? Au baba, aliyempenda mwanawe mpaka akamwekea nadhiri, na akaipenda nadhiri kuliko alivyompenda mwanawe? Na msinijibu "wote". Wote ni jina lingine la hakuna mtu, na wao pia wangelipenda jibu hilo.

Wewe uliyeitika kwa sauti kuliko wenzako pale mwanzo, ungeamua vipi? Ufunguo huu hapa mezani. Nauliza kama nilivyouliza tulipoanza.

Nani?

Mbona kimya? Mlikuwa mnaitika vizuri.